Kitabu cha kutengeneza tovuti: Tazama toleo kabla ya bei

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo una ukweli wake, kwa maana ardhi haiulizi jembe limetengenezwa wapi wala mwaka gani. Kinachotakiwa ni mtu kuinama na kulima.

Hata hivyo, wahenga hao hao hawakusema mchagua mbegu si mkulima. Anayenunua mbegu ya mahindi bila kutazama lebo, au anayenunua chanjo ya kuku bila kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, hujuta baadaye, tena wakati msimu umeshapita.

Siku hizi ipo bidhaa nyingine inayoingia katika nyumba za wakulima na wafanyabiashara wadogo, ambayo wengi huinunua kwa macho ya jembe wakati ilistahili kununuliwa kwa macho ya mbegu. Bidhaa hiyo ni kitabu cha kujifunzia kutengeneza tovuti.

Chukulia mfano wa mama mwenye duka la pembejeo mjini Makambako, mkoani Njombe. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na anataka kujifunza kazi hiyo ili duka liwe na tovuti ya kuonyesha bei na kupokea oda za wateja wa vijijini. Mama anatoa fedha. Kijana anakwenda Dar es Salaam, anakuta kitabu kinene kwenye meza ya vitabu vya mitumba, jalada zuri, bei nafuu, anakinunua na kurudi nacho akiwa na furaha.

Siku ya tatu furaha imekwisha. Ananakili kila mstari kama ulivyo kitabuni, lakini kompyuta inakataa. Anafuta na kuanza upya. Inakataa tena. Baada ya wiki mbili anamwambia mzazi wake, "Mama, nadhani kazi hii si ya kwangu. Akili yangu haifiki huko."

Mama hajui kutengeneza tovuti. Lakini kwa miaka mingi amekuwa akipokea katoni za dawa za mifugo, na mkono wake umezoea kugeuza kila chupa kabla haijapanda kwenye shelfu. Anakichukua kitabu, anakigeuza, anauliza, "Hiki kilitengenezwa lini, mwanangu?" Kwenye ukurasa wa mwanzo wenye maelezo ya mchapishaji pameandikwa mwaka 2009.

Kosa halikuwa la kijana. Alipewa dawa iliyokwisha muda, kisha akajilaumu kwa kutopona.

Fremu ipo, bidhaa lete mwenyewe

Kitabu hicho kilikuwa kinafundisha kile ambacho wataalamu wanakiita fremuweki. Jina ni geni lakini jambo lenyewe si geni kwa mfanyabiashara.

Anayetaka kufungua duka mjini kwa kawaida hajengi nyumba kuanzia msingi. Anapanga fremu ambayo kuta, paa na mlango vipo tayari, kisha analeta shelfu, mizani na bidhaa zake. Fremuweki ya kutengenezea tovuti inafanya kazi hiyo hiyo. Mambo ambayo tovuti nyingi huyahitaji, kama vile mahali pa kuingilia kwa neno la siri, namna ya kuhifadhi kumbukumbu za wateja na bidhaa, na kinga dhidi ya wezi wa mitandaoni, yamekwisha kujengwa na watu wengine. Anayejifunza anaongeza yale yanayohusu biashara yake.

Fremuweki ziko nyingi. Mojawapo inayojulikana sana ni Django, inayotumia lugha ya kompyuta iitwayo Python. Django ilizaliwa katika ofisi ya gazeti. Mwaka 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani. Kazi ya gazeti haisubiri, nao walitakiwa kutoa kurasa mpya kwa haraka. Wakakusanya vipande walivyokuwa wakivirudia kila mara na kuviunganisha viwe kitu kimoja. Julai 2005 kazi hiyo ilitolewa kwa umma bila malipo, ikiwa na jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Toleo 1.0 lilitoka Septemba 2008.

Afrika Mashariki nayo haiko mbali na mambo hayo. Mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, unaowakutanisha watumiaji wa Django barani, ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, na mwingine ulifanyika Arusha Agosti 2025. Aidha, Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo Django inazitambua.

Tofauti kubwa kati ya fremu ya matofali na fremu ya kompyuta ni kwamba ya matofali hukaa ilivyo miaka ishirini, ilhali ya kompyuta haiachi kufanyiwa ukarabati. Mlango uliokuwa upande wa mashariki unahamishiwa magharibi. Kitabu kilichochapwa kabla ya kuhama huko kitaendelea kumwelekeza msomaji kwenye ukuta.

Kitabu huisha muda kwa njia gani

Ipo mifano mitatu inayoweza kueleweka hata na mtu asiyewahi kugusa kazi hii.

Wa kwanza unahusu lugha yenyewe ya Python. Desemba 2008 lilitoka toleo la 3 la lugha hiyo, ambalo kwa makusudi halikuafikiana na toleo la 2 katika mambo kadhaa. Katika toleo la 2, kuiamuru kompyuta iandike salamu kulitosha kuandika print "Habari". Katika toleo la 3 ni lazima kuwe na mabano: print("Habari"). Alama mbili tu, lakini bila hizo kompyuta haisogei. Matengenezo ya Python 2 yalikoma Januari 1, 2020. Django nayo iliacha kufanya kazi na Python 2 tangu toleo lake la 2.0 lililotoka Desemba 2017.

Mfano wa pili ni wa anwani za kurasa. Kila ukurasa wa tovuti una anwani yake, na Django huambiwa anwani ipi ifungue ukurasa upi. Vitabu vya zamani vilifundisha kufanya hivyo kwa neno "url", likifuatwa na alama zinazochosha macho kama ^bei/$. Toleo la 2.0 lilileta neno jipya, "path", lililo rahisi kusoma. Yale ya zamani yalivumiliwa kwa muda, kisha katika toleo la 4.0, Desemba 2021, neno hilo la "url" liliondolewa kabisa. Kwa hiyo hata kitabu cha mwaka 2016, ambacho kwa macho bado ni kipya na karatasi zake ni nyeupe, humkwamisha mwanafunzi mapema sana.

Mfano wa tatu utamgusa kila mwenye daftari la wadaiwa. Katika tovuti ya duka, kila oda huunganishwa na mteja aliyeitoa. Je, mteja akifutwa, oda zake ziwe vipi? Kabla ya toleo la 2.0, mtengenezaji angeweza kukaa kimya kuhusu swali hilo, na Django ingefuta oda zote za mteja huyo pamoja naye. Tangu toleo la 2.0 ni lazima aseme waziwazi anataka nini, kwa maneno "on_delete", la sivyo kazi haiendelei. Mfanyabiashara anaelewa mara moja sababu yake, kwani kulifuta jina la mteja kusiwe ndiyo kulifuta deni lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kitabu cha zamani hakina habari ya sharti hilo.

Ieleweke kwamba waandishi wa vitabu hivyo hawakudanganya. Siku walipoandika, maneno yao yalikuwa sahihi. Sifa ya mwandishi pia haizuii kitabu kuzeeka. Kitabu kiitwacho The Definitive Guide to Django kiliandikwa na Adrian Holovaty mwenyewe pamoja na Jacob Kaplan-Moss, kikatoka mwaka 2007, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2009 likifundisha Django 1.1. Hakuna aliyeijua Django kuliko watu hao. Pamoja na hayo, anayekinunua leo ili aanzie hapo kujifunza atapata taabu ile ile ya kijana wa Makambako.

Kalenda ya matoleo

Mkulima anaishi kwa kalenda, na jambo la kufurahisha ni kwamba Django nayo ina kalenda. Toleo jipya hutoka takriban kila baada ya miezi minane. Toleo 4.2 lilitoka Aprili 2023, 5.0 Desemba 2023, 5.1 Agosti 2024 na 5.2 Aprili 2025.

Matoleo ya kawaida hutengenezewa mianya ya usalama kwa muda wa karibu mwaka mmoja na miezi minne. Lakini yale yanayoishia na nukta mbili, yaani 2.2, 3.2, 4.2 na 5.2, hupewa uangalizi wa muda mrefu wa miaka mitatu. Toleo 3.2 la Aprili 2021 uangalizi wake uliisha Aprili 2024. Toleo 4.2 lilipangiwa hadi Aprili 2026, na 5.2 limepangiwa hadi Aprili 2028.

Kwa mnunuzi wa kitabu, matoleo hayo ya miaka mitatu ni kama mbegu inayostahimili ukame. Kitabu kinachofundisha toleo la namna hiyo hukaa na faida kwa muda mrefu zaidi baada ya kununuliwa.

Hata hivyo, hakuna haja ya kukimbilia kitabu kilichotoka wiki hii. Kuandika na kuchapa kitabu huchukua miezi mingi, hivyo kitabu cha karatasi mara nyingi kiko nyuma kidogo. Aliyejifunza kwa kitabu cha Django 4.2 hatapotea akitumia 5.2, atakutana na mabadiliko machache. Kwa mfano, tangu toleo la 5.0 kiungo cha kawaida cha kubofya hakitoshi tena kumtoa mtumiaji aliyeingia, inatakiwa fomu yenye kitufe. Hilo ni jiwe dogo njiani. Kitabu cha toleo la 1 ni mto usio na daraja.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Mzazi au mfanyabiashara asiyejua kazi ya tovuti anaweza kukagua kitabu mwenyewe, kama anavyokagua gunia la mbolea. Yapo maswali matano ya kujiuliza.

Swali la kwanza, kitabu kinafundisha toleo lipi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Jibu huwa kwenye jalada, kwenye dibaji au katika sura ya kwanza inayoeleza namna ya kuiweka programu kwenye kompyuta. Ikiwa kitabu hakitaji toleo popote, afadhali kiachwe. Baadhi ya waandishi hurahisisha kazi hii kwa kutaja toleo katika jina la kitabu. Kitabu cha Antonio Melé kilitoka kwanza mwaka 2015 kwa jina la Django by Example, kikafuatwa na Django 2 by Example mwaka 2018, Django 3 by Example mwaka 2020, Django 4 by Example mwaka 2022 na Django 5 by Example mwaka 2024. Ni kitabu kimoja kilichofumuliwa na kushonwa upya mara nne. Anayekuta chenye namba 2 kwa nusu bei ajue anachonunua.

La pili, je, mwaka ulioandikwa ni wa kuandikwa upya au wa kuchapwa upya tu? Kiwanda kinaweza kuchapa tena kitabu kile kile bila kubadilisha neno. Kinachotakiwa ni mwaka wa toleo la kitabu, si mwaka wa karatasi.

Swali la tatu ni la lugha ya Python. Kurasa chache za mwanzo zikionyesha neno print bila mabano, kitabu kirudishwe mezani. Mtihani huo hauchukui hata dakika moja.

La nne, mifano ya kitabu inapatikana kwenye intaneti? Waandishi wengi huweka hapo msimbo wote wa mifano, yaani yale maelekezo ambayo kompyuta husoma, pamoja na masahihisho ya makosa yaliyoonekana baada ya kuchapwa. Ikionekana kwamba mifano hiyo imeguswa katika mwaka mmoja au miwili iliyopita, ni dalili njema kwamba mwenye kitabu hajalitupa shamba lake.

La tano, kitabu kinahitajika kweli kwa sasa? Mwongozo rasmi wa Django ni bure. Ndani yake yamo mafunzo ya hatua kwa hatua ya kutengeneza tovuti ndogo ya kupigia kura, na kila toleo lina mwongozo wake. Mwongozo huo unaweza kupakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri na kusomwa nyumbani bila kuunguza vifurushi. Tena, anayefungua mwongozo wa toleo lililokwisha muda hukutana na onyo juu ya ukurasa kwamba toleo hilo si salama na halitunzwi tena. Onyo kama hilo kitabu cha karatasi hakiwezi kulitoa.

Vitabu vipya vya aina hii huuzwa ng'ambo mara nyingi kati ya dola 30 na 50 za Marekani kabla ya gharama za kusafirisha. Fedha hiyo si ndogo kwa familia inayosubiri mavuno. Kwa hiyo ni busara kijana amalize kwanza mafunzo ya bure. Akifika mwisho na bado ana hamu, kitabu kitamkuta ameshajua anachokitafuta.

Jembe na mbegu

Kuna hatari ya kuelewa vibaya na kudhani kwamba kila kitabu cha zamani ni takataka. Hapa ndipo usemi wa wahenga kuhusu jembe unaporudi.

Kitabu kinachofundisha misingi ya kanzidata, yaani namna ya kupanga kumbukumbu za bidhaa, wateja na mauzo zisipingane, hakizeeki haraka. Chenye kueleza namna ya kufikiri unapopanga programu, au namna intaneti inavyopeleka ukurasa kutoka kwenye seva hadi kwenye simu ya mteja, kitafaa miaka mingi. Hivyo ni majembe. Vikipatikana mitumba kwa bei nafuu, vinunuliwe.

Katikati vipo vitabu vya lugha ya Python, ambavyo huzeeka polepole kuliko vya fremuweki. Python Crash Course cha Eric Matthes, kwa mfano, kilitoka mwaka 2015, kikaandikwa upya mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni Python yenyewe, na mwishoni kuna kazi ya kutengeneza tovuti kwa Django. Mwenye toleo la zamani bado atafaidika na nusu ya kwanza, ila ile sehemu ya tovuti aisome kwa tahadhari.

Vitabu vya fremuweki ndivyo mbegu na chanjo. Hivyo vinadai tarehe.

Kwa aliyekwisha kununua

Na yule ambaye fedha imeshatoka na kitabu cha zamani kiko mkononi afanye nini? Kama si cha zamani mno, ipo njia. Badala ya kuweka toleo jipya la Django, anaweza kuiagiza kompyuta iweke toleo lile lile linalotajwa kitabuni, kwa mfano kwa kuandika pip install django==4.2. Hapo kitabu na kompyuta vitaongea lugha moja, na mwanafunzi atajifunza bila kukatishwa tamaa. Kwa vitabu vya toleo la 1 njia hiyo ni ngumu, kwa sababu matoleo hayo yanahitaji pia Python ya zamani.

Lakini kuna mpaka usiovukwa. Toleo lililokwisha muda litumike kujifunzia tu. Duka halisi lisifunguliwe juu yake. Mwanya wa usalama ukigunduliwa katika toleo lisilotunzwa, hakuna kiraka kitakachotolewa, na majina, namba za simu na kumbukumbu za malipo za wateja zitakuwa kama bidhaa zilizoachwa barazani usiku. Mteja aliyeibiwa hatauliza kitabu kilikuwa cha mwaka gani. Atauliza jina la duka.

Katika ule mfano wa Makambako, kitabu cha mwaka 2009 hakikutupwa. Mama alimwambia kijana akiweke kando, afuate mafunzo ya bure ya toleo linalotunzwa, kisha warudi kuzungumza. Kabla ya mwezi kwisha, kijana alimwita mama yake atazame kwenye simu orodha ya mbegu na bei zake, ikifunguka kutoka kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa ikikataa. Akili ilikuwa ile ile pia.

Wazazi wengi huona mtoto ameacha somo na kuhitimisha kwamba hana kipaji. Kabla ya kufika huko, kitabu kigeuzwe kwanza, itazamwe tarehe.